Anjelika wa Ziwani na Mirathi ya Mzee Otmari

Siku niliyoripoti kazini Mbinga mjini, Karani Mkuu wa mahakama hakuanza na vyeti vyangu. Aliniuliza nazungumza lugha gani za nyumbani. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa Tingi, kwa hiyo Kimpoto nimezaliwa nacho, Kinyasa nimekipata kwa mama, na Kimatengo nakisikia ingawa ulimi wangu ni mzito.

"Basi wewe utakaa mirathi," akasema, na mambo yakaishia hapo.

Nilivunjika moyo kidogo. Makarani vijana wa wakati ule walipenda kupangiwa jinai, kwenye kesi za wizi na ugomvi wa vilabuni, maana kule kazi ilichangamka na watu walijaa hadi madirishani. Karani Mkuu aliliona hilo usoni mwangu. Alikuwa mzee mwenye sauti ya chini, aliyevaa koti hata jua likiwaka.

"Binti," akaniambia, "mirathi ni kazi ya kusikiliza. Na usije ukadhani tunamhudumia marehemu. Marehemu amemaliza shida zake. Tunawahudumia walioachwa wakigombana."

Ofisi niliyopewa ilikuwa masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada ya mashauri. Kwa vijana ambao hawajapitia jambo hili, nieleze utaratibu. Mtu akifa na kuacha mali, ukoo unakaa kikao na kumpendekeza mmoja wao awe msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mrithi, ingawa wengi walilisahau hilo mara tu walipopata cheo. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili. Mapendekezo ya ukoo yanaletwa mahakamani, tangazo linabandikwa ubaoni, na mwenye neno anaweka pingamizi. Kama marehemu aliacha wosia, unasomwa mbele ya wote na mashahidi wake wanaitwa. Pasipokuwa na pingamizi, jalada linakuwa jembamba. Majalada manene ndiyo yaliyonifundisha kazi.

Nilijifunza mapema kwamba neno "ndugu" halifai mahakamani. Kwetu kila mtu ni ndugu. Hakimu wangu wa kwanza alinikataza kuliandika hivihivi. Alitaka kila shahidi aulizwe mambo matatu juu ya mtu: nani alimzaa, nani alimlea, na nani alimzika. Alisema majibu yakiwa mamoja, shauri litakwisha mapema, yakitofautiana, tujiandae. Tatizo la pili lilikuwa majina. Mzee mmoja aliweza kuwa na jina la ubatizo, jina la babu yake, na jina la utani alilopewa alipofanya kazi ya mkonge Tanga. Wosia unataja moja, majirani wanajua jingine, na watoto wanaapa kwamba hao ni watu tofauti. Nilitumia muda mwingi wa ujana wangu kuwaunganisha wazee na majina yao.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Biashara zikafunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda milimani na mizani zao wakati vyama vya ushirika vikiyumba. Sisi wa masijala tuliyaona mabadiliko hayo kwa njia yetu. Watu waliokuwa wametoka nyumbani zamani wakarudi kuulizia mashamba ya baba zao. Wosia zilizolala ndani ya masanduku zikatolewa. Viunga vilivyokuwa vikilimwa na yeyote mwenye nguvu vikapata wenyewe wengi kwa mpigo. Karani Mkuu alisema kahawa ikipata wateja, wafu hawalali, na huo ndio ulikuwa utani wake pekee niliousikia.

Katika miaka hiyo nilihamishiwa mahakama ya mwanzo moja huko milimani, upande wa Maguu. Jengo lilikuwa na vyumba viwili na bati lililopiga kelele mvua ikinyesha, kiasi kwamba ushahidi ulisimama hadi mawingu yapite. Hakimu wetu alitoka Singida. Hakujua Kimatengo hata neno, na hakujifanya anajua. Pembeni yake waliketi wazee wa baraza wawili, raia wanaomsaidia hakimu kwa maoni yao, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mimi niliandika mwenendo wa shauri na, ilipobidi, nilitafsiri.

Shauri ninalotaka kulieleza ni la mirathi ya mzee tutakayemwita Otmari. Alikuwa mkulima wa kahawa na maharage, mtu wa kanisani, aliyeheshimika. Alimwacha mjane, Mama Kandida, binti mmoja aliyeolewa jirani, na mwana mmoja, Bosko, aliyekuwa Songea akifanya uwakala wa kununua kahawa. Ukoo ulimpendekeza Bosko awe msimamizi. Hadi hapo jalada lilikuwa jembamba.

Ndipo katekista wa kigango akaja na wosia. Mzee Otmari alimwagiza auandike alipokuwa mgonjwa, mbele ya mashahidi wa ukoo na wa nje. Nyumba na mashamba yote yalikwenda kwa mke na watoto. Lakini palikuwa na sentensi moja ya mwisho: shamba la ng'ambo ya mto apewe Anjelika wa ziwani, kwa sababu lilikuwa lake kabla ya kuwa la Otmari.

Hakimu aliposoma maneno hayo, watu waligeukiana. Kati ya waliofika siku hiyo hapakuwa na mtu aliyemjua Anjelika. Katekista alisema aliambiwa aandike, akaandika. Mama Kandida aliulizwa kama mumewe aliwahi kumtaja mwanamke huyo. Akajibu, "Hapana, Mheshimiwa. Mume wangu ziwani alikwenda kununua samaki tu." Baadhi ya watu walicheka, naye akainamisha kichwa.

Bosko aliweka pingamizi dhidi ya sentensi hiyo. Alikuwa kijana mkakamavu, mwenye maneno yaliyopangwa. Hoja yake ilikuwa kwamba baba yake aliandika akiwa na homa, na zaidi ya hapo, ardhi ile ilikuwa ndani ya ntambo wa ukoo. Wamatengo huita ntambo ule mgongo wa mlima ambao ukoo mmoja huumiliki kutoka juu hadi kwenye maji. "Ardhi ya ukoo haitoki nje ya ukoo," alisema. "Asiye wa damu yetu hawezi kuirithi, hata aandikiwe na nani." Maneno hayo niliyaandika kama alivyoyatamka.

Hakimu aliamuru Anjelika atafutwe. Tangazo lilipelekwa ufukweni, ambako wakati ule kote kulikuwa bado Wilaya ya Mbinga, likasomwa makanisani baada ya ibada, kwa Wakatoliki na kwa Waanglikana. Wa kwanza kutokea alikuwa Anjelika kweli, mwanamke mcheshi wa makamo, aliyedhani serikali inagawa mashamba kwa wenye jina hilo. Alipoambiwa sivyo, aliuliza kama tunaweza kumrudishia gharama ya safari. Hatukuweza.

Baadaye zikaja habari kwamba yuko bibi mwingine, mzee sana, karibu na Liuli, ambaye aliposikia tangazo hilo alinyamaza na kukataa kula. Hakimu aliniagiza niteremke na tarishi wa mahakama nimpelekee hati ya wito, kwa kuwa nilijua lugha.

Tulishuka kwa lori la mahindi hadi Mbamba Bay, kisha tukaendelea kadiri njia ilivyoruhusu. Bibi Anjelika tulimkuta uani akigeuza usipa, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikauka juu ya kichanja. Alikuwa mwembamba, macho yake yameingia ukungu, lakini mikono haikutetemeka. Mjukuu wake Osmunda alitutandikia mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmetoka mlimani?"

"Ndiyo, bibi. Tumetumwa na mahakama, kuhusu mirathi ya Mzee Otmari."

Aliacha kugeuza samaki. "Mirathi," akarudia. "Kwa hiyo amekufa."

Nilikuwa nimedhani anajua. Tangazo lilikuwa limesema marehemu, lakini kumbe yeye alisikia jina tu, akawa anangoja mtu wa kumwambia maana yake. Nikamwambia kwamba ndiyo, alifariki baada ya kuugua.

Kisha akauliza, "Nani alimwosha?"

Nilimjibu kwamba sijui, ila alizikwa vizuri, na watu walikuwa wengi. Akaanza kunisimulia Otmari alikuwa nani kwake. Nilimkatiza. Karani hachukui ushahidi nyumbani kwa mtu. Ukisikia huku uani, kesho utaandika ulichokumbuka badala ya kilichosemwa. Nikamwambia, "Bibi, maneno hayo yatunze ukamwambie hakimu." Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji, lakini akakubali. Tulipanda naye mlima, Osmunda akimshika mkono.

Siku ya kusikilizwa, watu hawakuenea ndani. Bibi Anjelika alipewa kiti. Alizungumza Kinyasa, nami nikatafsiri sentensi kwa sentensi. Hakimu aliuliza yale maswali matatu yaliyozoeleka.

Nani alimzaa Otmari? Alisema, "Mama yangu. Otmari alikuwa mdogo wangu wa mwisho." Mama yao alifariki siku chache baada ya kumzaa, huko ziwani, na palikuwa na njaa. Mtoto alinyweshwa uji mwepesi akawa anautapika. Mtu aliyekuja kubadilisha samaki kwa maharage akasema kuna mwanamke mlimani amejifungua na maziwa yake yanamwagika. Anjelika, ambaye hakuwa hata mwali, akamfunga mtoto mgongoni na kupanda.

Nani alimlea? Yule mwanamke alimpokea na kumnyonyesha pamoja na mwanawe. Mumewe, mkuu wa ukoo, alimwambia Anjelika, "Mtoto atakula. Wewe utalima." Akalima. Akapewa mteremko wa ng'ambo ya mto uliokuwa msitu, akaufyeka, akachimba ngoro, yale mashimo ya kuzuia udongo usitiririke ambayo Wamatengo wanasifika kwayo. Mikono yake ya ziwani ilijifunza hadi wanawake wa pale wakaacha kumcheka. Alipofikia umri wa kuolewa, mkuu wa ukoo alisema mbele ya watu wake kwamba shamba lile ni lake, kwa jasho lake. Lakini mchumba alitoka ziwani. Akamwachia mdogo wake alilime mpaka atakaporudi, na maisha hayakumrudisha.

"Alikuwa anakuja kuniona," alisema. "Ananiletea maharage, nampa samaki wa mbasa. Nikamwambia, waeleze wanao. Akasema, nitawaeleza. Basi nikaona ni mambo yake."

Nilipomaliza kutafsiri hayo, Mama Kandida alijifunika uso kwa kanga. Miaka yote alikuwa akipika samaki waliotoka kwa wifi yake.

Swali la tatu hakimu hakuwahi kulifikia. Kijana mmoja wa ukoo, Erasto, alisimama nyuma bila kuitwa. Erasto alikuwa mtoto wa Mzee Landelini, na Mzee Landelini ndiye aliyenyonyeshwa pamoja na Otmari. Sasa alikuwa mkubwa wa ukoo mzima. Erasto akasema kwa sauti, "Mheshimiwa, tumesikia sote. Marehemu hakuwa wa damu yetu. Na mwanawe mwenyewe ameiambia mahakama hii kwamba asiye wa damu harithi ntambo. Basi mashamba yote yarudi kwetu. Na nyumba pia."

Nilimtazama Bosko. Alikuja mahakamani kuzuia shamba moja lisitoke, na sasa kwa maneno yake mwenyewe alikuwa karibu kumtoa mama yake nyumbani. Hakimu alimwamuru Erasto aketi, akamweleza kwamba kama ana pingamizi aliweke kwa utaratibu, kisha akaahirisha. Erasto aliliweka siku hiyohiyo. Mimi ndiye niliyelipokea na kuligonga muhuri.

Katika siku za kungoja, Bosko alikuja ofisini na kuniuliza kama inawezekana kuondoa maneno yake kwenye jalada. Nilimwambia haiwezekani. Akauliza kama bibi yule anaweza kukana. Nilimwambia hilo amuulize bibi. Hakwenda. Bibi Anjelika alikuwa amepewa mahali pa kulala kwa katekista, na mtu pekee wa ile familia aliyekwenda kumwona alikuwa Mama Kandida. Alikwenda na kuku.

Kikao kilichofuata, mahakama ilimwita Mzee Landelini. Alikuja kwa fimbo, polepole. Erasto alimsaidia kuketi, akasimama karibu naye kama mtu aliye na uhakika. Hakimu akamuuliza kama maneno ya Bibi Anjelika ni ya kweli.

"Ni ya kweli," akasema mzee. "Alipoondoka kwenda kuolewa nililia. Yeye ndiye aliyekuwa akitubeba sote wawili."

"Kwa hiyo marehemu hakuwa ndugu yako wa damu?"

"Mheshimiwa, mimi na Otmari tumenyonya ziwa moja. Huku yeye, huku mimi. Tulitahiriwa pamoja. Baba yetu alipokufa, tulichimba kaburi pamoja, na udongo wa kwanza alitupa yeye kwa sababu mimi nilishindwa. Nilipomzika mwaka huu, sikuzika mgeni."

Erasto akasema kwa uchungu, "Baba, tunazungumzia ardhi."

"Na mimi nazungumzia ardhi," mzee akamjibu, bila kumgeukia. "Unataka nimfukue?"

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, nasi tukasikiliza kalamu yake. Kisha akaomba maoni ya wazee wa baraza. Mwanamke alisema wosia uheshimiwe wote. Mwanamume alitofautiana kidogo: aliona watoto wabaki na mashamba yao, ila la ng'ambo ya mto libaki kwa ukoo, na bibi apewe fidia. Hakimu, katika hukumu, aliungana na yule mwanamke. Sentensi moja naikumbuka vizuri kwa kuwa niliichapa mwenyewe kwa mashine: kwamba mahakama haiwezi kumtoa marehemu katika ukoo uliomlea na kumzika kama wake. Bosko akathibitishwa kuwa msimamizi, kwa amri ya kumkabidhi shangazi yake shamba. Erasto alielezwa haki yake ya kukata rufaa. Hakukata; baba yake alikataa jina la ukoo litumike, na bila ukoo hakuwa na la kusema.

Nje ya mahakama nilishuhudia jambo ambalo halikuingia katika mwenendo wa shauri. Bosko alimwendea Bibi Anjelika, akasimama mbele yake na kofia mkononi. Alionekana kutafuta neno, naye bibi hakumsaidia. Mwishowe akainama.

"Shikamoo, shangazi."

Bibi alinyoosha mkono, akampapasa uso wote, paji, pua, kidevu, kwa kuwa macho yake hayakumtosha.

"Marahaba," akasema. "Nipeleke kaburini."

Wakaondoka, na sisi tukaita shauri lililofuata, la mbuzi.

Sitaki msomaji adhani kwamba baada ya hapo kila kitu kilikuwa shwari. Osmunda alihamia kwenye shamba lile kwa niaba ya bibi yake, akakuta mibuni asiyojua kuikata matawi, na mwaka wa kwanza mavuno yalikuwa duni. Yeye na Bosko walibishana juu ya mpaka, nasi tulilazimika kwenda kuusimika kwa mimea mbele ya mashahidi. Lakini walibishana kama watu wa ukoo mmoja, wakiitana kwa majina ya undugu wao, bila kuitana wageni. Bibi Anjelika alipofariki ziwani, nilikuwa nimekwisha kuhamishiwa Mbamba Bay, nami nilikwenda mazikoni kama raia. Bosko alifika na magunia ya mahindi. Mzee Landelini, ambaye hakuweza tena kusafiri, alimtuma Erasto. Erasto aliketi na wafiwa, akanyolewa kama wengine.

Nilimalizia utumishi wangu huko ufukweni, chini ya mahakimu kadhaa, wengine wakali, wengine wavivu, mmoja hodari sana aliyehamishwa kabla hatujamzoea. Mashauri ya ziwani yalikuwa ya nyavu, mitumbwi, miembe na viwanja vya nyumba. Sheria ilibadilika, hasa ya ardhi, na wanawake walianza kuja wenyewe mahakamani bila kusindikizwa na kaka. Mashine ya kuchapa iliondoka, kompyuta zikaja. Lakini watu waliendelea kujibu "ni ndugu yangu" na kutazama dari.

Siku ya kustaafu nilikabidhi funguo za masijala kwa kijana aliyekuwa akinywa soda, nikarudi Tingi kulima. Vijana hunijia kuuliza namna ya kuandika wosia, nami huwaeleza: mashahidi wa ukoo na wa nje, tarehe, sahihi, mali itajwe kwa mipaka yake. Huwa wanashukuru na kutaka kuondoka. Hapo huwaambia lililo gumu zaidi, kwamba wausome mbele ya wanaohusika wakiwa bado hai. Wengi hucheka kwa aibu. Wanaona ni kujitabiria kifo, au ni kuanzisha vita nyumbani.

Mwaka jana niliita wanangu wote, nikawasomea wangu. Kifungua mimba alisikiliza kwa adabu. Binti yangu wa pili alininyanyulia macho nilipofika kwenye shamba la muhogo la bondeni.

"Mama, mimi hilo silitaki," akasema. "Kwanza linajaa maji. Pili, umenipa kwa sababu niliachika, unanihurumia. Mpe mdogo wangu anayelilima. Mimi nipe cherehani."

Tulibishana karibu mchana wote. Mdogo wake alikasirika, akatoka nje, akarudi. Mwishowe nilichukua kalamu, nikakata mistari ile mbele yao, na nikaandika upya kama walivyokubaliana, huku binti yangu akinisomea begani kuhakikisha sikosei. Alisema kweli kuhusu maji. Na kuhusu huruma pia.